Barua ya Adabu Aliyoiandika Sirve

Watu wa saikolojia hawanywi chai kama watu wa hesabu wanaokaa ghorofa ya juu yetu. Wa hesabu hunywa upesi wakarudisha vikombe. Wa saikolojia huiacha ipoe huku wakizungumza, kisha huomba nyingine. Nimewapikia kwa miaka kumi na tisa hapa chuoni kwetu Kermanshah, magharibi mwa Iran, kwa hiyo nasema ninalolijua. Chumba changu cha chai kiko mwisho wa ukumbi. Kina dirisha moja, samawari moja, na kiti kimoja cha ziada ambacho watu huja kukikalia wakiwa na jambo moyoni.

Sirve Palani alikikalia mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa, akalia kwa ajili ya alama za takwimu. Nilimpa sukari ya mabonge, akaibana kwa meno, akanywa chai juu yake, akanyamaza. Alikuja kukikalia tena na tena, hadi akafika miaka ishirini na minane, na hapo ndipo lilipomkuta jambo ninalotaka kulieleza.

Huyu ni binti wa Sarpol-e Zahab. Baba yake alikuwa mwoka mikate, akafa katika lile tetemeko la ardhi la mwezi wa Aban, baridi ilipokuwa inaanza. Sirve alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada yake. Baada ya matanga alipewa kazi ya kuwatuliza watoto katika vyumba vya bati walimowekwa watu waliobomokewa. Wengine walikaa humo misimu mitatu ya baridi. Humo ndimo alimokutana na Hana, mtoto wa miaka sita aliyekuwa akilala na viatu. Mama yake Hana alimvua, mtoto akavivaa tena. Sirve alisema mwacheni navyo. Akawa anakaa naye kila siku wakichora nyumba, na kila nyumba ya Hana haikuwa na paa.

Siku Hana alipovua kiatu kimoja, Sirve alipanda gari akaja mjini. Nilimwona anaingia mlangoni anahema.

"Ami Rahmat, amevua," akaniambia. "Mguu mmoja tu. Wa kushoto."

"Na wa kulia?"

"Wa kulia bado. Nataka kujua kwa nini wa kushoto ulitangulia."

Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini hilo swali nilielewa kwamba ni swali la maisha yake. Mkuu wa idara yetu, Daktari Vosughi, alielewa pia. Alimwambia kwamba hapa kwetu hayupo wa kumfundisha jambo hilo kwa kina anachokitaka. Akamwambia aende Kanada.

Basi alipofika miaka ishirini na minane akaanza kuchagua. Alikuja na karatasi yenye majina ya vyuo kumi na vinne, akaiegemeza kwenye kopo langu la majani ya chai, na kwa miezi miwili karatasi ile ilikaa pale ikipata madoa. Nami nikajifunza mambo ambayo sikujua kama yapo duniani. Nilijua kwamba kule, ukitaka shahada ya pili ya saikolojia, haitoshi kukubaliwa na chuo. Lazima profesa mmoja akuchukue awe msimamizi wako, na profesa mwenyewe huenda anachukua mtu mmoja tu kwa mwaka, na mwaka mwingine hachukui mtu kabisa. Nikajua pia kwamba upande wa kutibu wagonjwa mlango wake ni mwembamba mno kwa mgeni, na upande wa utafiti una nafuu kidogo.

"Huchagui chuo, binti yangu," Daktari Vosughi alimwambia, amesimama mlangoni na kikombe mkononi. "Unachagua mtu. Ukikosea mtu, chuo kiwe kizuri namna gani, utalia miaka miwili."

Jina baada ya jina likapigwa mstari. Huyu hajibu barua, huyu amestaafu, huyu anachunguza panya. Mwishoni yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa la chuo kikubwa cha Toronto, ambacho kilikuwa kimeshamkubali. Ila kule angesoma saikolojia ya watu makazini, darasani na watu wengi, bila msimamizi wake mwenyewe. La pili lilikuwa la chuo kidogo katika jimbo la Saskatchewan, uwandani, kwenye baridi inayogandisha hata kope za macho. Huko alikuwako Profesa Marchuk, mama mtu mzima, aliyekuwa akiwafuatilia watoto ambao mji wao uliungua kwa moto wa msitu.

Kila aliyeingia kwangu alikuwa na neno. Bi Forugh wa ofisi ya usajili, mwanamke wa mzaha, ndiye aliyezidi.

"Saskatchewan," alisema. "Hata kulitamka siliwezi. Mama yako atawaambia nini majirani?"

"Atawaambia Kanada. Inatosha."

"Toronto wanaijua. Ukisema Toronto, mahari inapanda siku hiyohiyo."

"Mahari yangu ishapanda mpaka hakuna anayeifikia, Bi Forugh."

"Ndiyo maana nakuhurumia, mwanangu. Nipe chai, Rahmat, usinitazame."

Mama yake Sirve, Bi Tuba, yeye alimpigia simu sheikh wa mtaani kwao amfanyie istihara, amtazamie katika Kurani kama jambo lina heri. Siku iliyofuata alikuja mjini kununua dawa ya presha, akapita kwangu kumsubiri bintiye. Sirve alipoingia, mama akampa jibu.

"Sheikh amesema katikati."

"Katikati ya nini, mama?"

"Katikati. Si nzuri sana, si mbaya."

"Ya Toronto au ya Saskatchewan?"

"Sikumuuliza. Mimi nitamhoji sheikh?"

Sirve alicheka, lakini nilimwona anavyoikunja ile karatasi. Moyo wake ulikuwa umeshakwenda uwandani, na kitu kinachompendeza mtu kupita kiasi kinamtia hofu.

Mahojiano na Profesa Marchuk yalifanyika kwangu, kwa sababu ofisi zote zilikuwa na vikao, na mtandao hushika vizuri karibu na dirisha langu. Ilikuwa jioni kwetu, asubuhi kwao. Nilikaa nyuma ya kompyuta, nikazima samawari isivume. Kiingereza sikijui, lakini uso wa mtu ni uso. Nilichungulia kidogo nikamwona mama wa mvi, amevaa sweta la kijani lenye shimo kiwikoni, na nyuma yake dirisha jeupe tupu. Sirve alizungumza kwa kigugumizi mwanzoni. Kisha nikasikia jina la Hana, nikajua amefika kwenye viatu. Yule mama akavua miwani. Akauliza neno fupi. Sirve akawa mwekundu mpaka masikioni.

Walipomaliza nilimuuliza, "Alikuuliza nini pale?"

"Aliniuliza ni mguu upi, ami. Miaka yote hii hakuna aliyeuliza habari ya mguu ila wewe na yeye."

Siku ya nne barua ikaja. Alinisomea kwa lugha yetu, ameshika simu kwa mikono miwili. "Nina nafasi moja. Ningependa iwe yako. Je, unaitaka? Yuko mwombaji mwingine mzuri anayesubiri, kwa hiyo tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa."

Nilimwona anang'aa kama mtoto. Halafu akakaa kwenye kiti akauliza, "Nimjibuje?"

Na hapa naomba nisijifiche. Kwetu mtu akikusogezea sahani, unasema umeshiba. Akirudia, unamwambia asijisumbue. Mara ya tatu ndipo unapokula, na unakula mpaka chini. Dereva wa teksi ukimuuliza nauli anakwambia haina thamani mbele yako, nawe unamsihi mpaka apokee. Jambo hili hakuna aliyefundishwa, tunakua nalo. Na kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kukikataa kwanza kunavyozidi kuwa lazima.

"Usimrukie," nilimwambia. "Huyo ni profesa, na ni mama mtu mzima. Ukisema ndiyo papo hapo atakuona huna haya. Mwonyeshe kwanza kwamba unajua ukubwa wake."

"Lakini wale si kama sisi, ami."

"Adabu ni adabu, mwanangu. Nani anayechukia adabu?"

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu, huku nasuuza vikombe.

Akaandika. Alihangaika nayo mchana kutwa, akachagua maneno kama mtu anayechambua mchele. Alipomaliza alinitafsiria: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni mdogo mno kwa nafasi kubwa kama hii. Bila shaka yuko anayeistahili kuliko mimi. Nisingependa kukutia taabuni, wala kumzibia mwenzangu njia. Kwangu mimi, kule kufikiriwa na wewe tu ni zawadi ya kunitosha maisha yangu yote."

Nilimwambia ni barua nzuri. Ilikuwa nzuri. Hata leo naiona nzuri, na hilo ndilo linalonisumbua.

Tukangoja aulize mara ya pili. Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Bi Tuba alikuwa ameshanunua kilo mbili za biskuti za mchele za kuwagawia watu, akaziweka kabatini zisije zikaliwa kabla ya wakati.

Jumatatu Sirve aliingia, hakuvua koti. Akanisomea jibu bila kuinua macho. Yule mama alimshukuru kwa kumwambia ukweli. Alisema anauheshimu uamuzi wake, na kwamba haukuwa rahisi. Nafasi alikuwa amempa mwombaji wa pili, naye ameshaikubali. Alimtakia heri popote atakapokwenda.

Alisoma mara tatu. Chai niliyomwekea ilipoa, ikafanya utando juu.

"Hakuuliza tena," akasema. "Aliuliza mara moja tu."

Daktari Vosughi akapita kuchukua maji ya moto. Alipouona uso wake aliomba aione barua aliyopeleka. Aliisoma hali amesimama, kisha akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya kreti la maji.

"Sirve, umemwambia huitaki."

"Sikumwambia siitaki."

"Umemwambia kwa njia tano."

"Wewe ungeandikaje, daktari?"

"Ndiyo, asante. Basi."

"Mbona hukunionya?"

"Hukuniuliza." Kisha akaona haya, akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Nami nilipaswa kukumbuka. Mwaka wangu wa kwanza ugenini nilikaa wiki nzima na njaa katika nyumba ya watu wema. Waliniuliza mara moja kama nitakula, nikasema hapana, wakaondoa sahani. Nilikuwa nawasikia wanaosha vyombo."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka.

Sirve aliandika saa ileile, safari hii kwa mistari mitatu mitupu: kwamba anaitaka, kwamba aliitaka tangu mwanzo, kwamba kwao hivyo ndivyo mtu anavyokubali. Jibu lilikuja jioni. Profesa Marchuk alisikitika, na nadhani alisikitika kweli, kwa sababu barua ilikuwa ndefu. Lakini nafasi ilikwisha, naye hakuweza kumnyang'anya mtu aliyekwisha kupewa. Mwakani, akipata fedha za utafiti, huenda akafungua nyingine. Hakuweza kuahidi.

Sasa zikabaki siku kumi za kuijibu Toronto. Kila mtu alimwambia aende. Cheti chake cha mtihani wa Kiingereza kilikuwa kimebakiza mwaka mmoja na mwezi kabla ya kuisha nguvu. Umri nao ulikuwa unakwenda. Bi Tuba alikuja tena mjini, safari hii hakusema habari ya dawa.

"Umeipata Toronto, unakaa unalilia mahali penye theluji ya kiunoni."

"Toronto nitasomea uchovu wa makarani, mama."

"Makarani si watu?"

"Ni watu."

"Basi?"

"Basi Hana je?"

Bi Tuba alinigeukia mimi. "Mwambie, Rahmat. Wewe anakusikiliza."

Nilitazama samawari. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake mwezi ule, sikutaka kuutuma tena. Bi Tuba akangoja, akakata tamaa, akafunga mtandio wake akaondoka. Zile biskuti baadaye aliwapelekea watu wa msikitini bila kusema ni za nini.

Siku ya mwisho ya Toronto, Sirve alikuja akakaa. Hakufungua kompyuta. Alikaa akitazama saa ya ukutani mpaka muda ukapita, kisha akainuka akaichukua ile karatasi ya vyuo kumi na vinne pale kwenye kopo, akaitia mfukoni. Nikaona siwezi kumwacha aondoke hivi hivi.

"Mwanangu, kosa ni langu."

"Hapana, ami. Wewe hukuandika."

"Nilisema."

"Mtu yeyote angesema."

Aliyasema akiangalia sakafu. Na mimi, niliyeishi na watu hawa maisha yangu yote na ni mmoja wao, sikuweza kujua kama ule ulikuwa ukweli au adabu. Ningemuuliza mara ya pili, angejibu vilevile. Na mara ya tatu vilevile. Nilimsindikiza hadi ngazini, goti langu likiuma, nikarudi kuosha vikombe.

Mwaka ule alirudi kufanya kazi ya ushauri katika shule moja ya Sarpol. Kila mwezi alikuja mjini, na kila mwezi nilimwona amebadilika kidogo. Zamani nikimuuliza kama atakunywa chai alisema, "Usijisumbue, ami," na mimi nilijisumbua. Mara hii nilipomuuliza alijibu kabla sijafunga mdomo.

"Ndiyo, ami. Kikombe kikubwa. Na sukari mbili."

Mkono wangu ulisimama hewani. Bi Forugh alikuwa ameegemea mlango.

"Haya, Mkanada ameingia," akasema.

"Nafanya mazoezi, Bi Forugh."

"Mazoezi ya kunywa chai?"

"Ya kusema ndiyo. Kama mtu anavyojifunza kuendesha gari."

"Basi ushanigonga."

Mama yake aliniambia kwa simu kwamba nyumbani kwa shangazi yake, siku ya arobaini ya mtu, Sirve alisogezewa nyama akaichukua mara ya kwanza. Shangazi alibaki na sahani mkononi hajui afanye nini, maana maneno ya kumsihi alikuwa ameyaandaa na hayakupata pa kwenda. "Sijui nimzaeje upya," Bi Tuba alisema, na nikamsikia anavuta kamasi. Hana naye, mtoto yule, alikuwa na miaka kumi sasa, analala bila viatu, ila huviweka kando ya mto wa kulalia.

Mwezi wa Bahman theluji ikashuka kwetu, na Profesa Marchuk akaandika kwamba fedha zimepatikana na nafasi ni moja. Sirve akaja kukaa pale pale, mimi nyuma ya kompyuta, samawari nimeizima. Yule mama alikuwa na sweta lilelile. Walizungumza karibu saa nzima. Mwishoni nilimwona yule mama anaweka kalamu chini, anasogea mbele, anauliza polepole, neno moja moja, kama mtu anayempa mwenzake chombo cha kioo.

Kiingereza sikijui, lakini neno la kukubali nalijua. Sirve alilisema kabla mwenzake hajamaliza kuuliza. Akalirudia. Dirisha jeupe likafungwa, uso ukapotea.

"Nimepata, ami."

Sikumwona akirukaruka. Alikuwa amekalia mikono yake. Nilisema alhamdulillahi, nikawasha samawari, kwa sababu nilitaka kufanya kitu. Nikasema nimwite Daktari Vosughi. Akasema ngoja kwanza.

"Kuna mwingine anasubiri," akasema. "Ameniambia hivyo, kama mwaka jana. Ningekataa, angempa huyo. Mahali fulani mtu amekaa anatazama simu yake."

"Ndivyo ilivyo, mwanangu."

"Sikumfikiria hata kidogo. Sikungoja hata kuvuta pumzi." Akatoa mikono chini ya mapaja, akaitazama. "Nimekuwa mroho, ami?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia alifanya lililompasa. Lakini maji yalikuwa yanachemka, na kabla ya kumjibu niligeuka kwanza nikajaza birika, nikaweka majani, nikafunika. Haukuwa muda mrefu. Nilipomgeukia nikaona kwamba ameuona ule muda wa kusita kwangu, na kwamba ameuhesabu.

Nikamuuliza kama atakunywa chai.

"Usijisumbue, ami," akasema.

Nikammiminia.